Mtafiti Aliyewauliza Wafu

Nikianza kusema alizaliwa wapi na ni mwana wa nani nitakuwa namwonea, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Riziki yake ilikuwa kuwauliza wenzake walikotoka. Ukimgeuzia swali alikujibu, "Kwetu ni kazini," kisha akaagiza chai. Basi na tumwache huko huko kazini. Kilifi ilimwita Mtafiti, na wale wasio na haya walimwita Bwana Makaburi. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake karibu muongo mzima wa themanini, katika ofisi ya vyumba viwili karibu na kivuko, na maneno yake yote yalipita vidoleni mwangu kabla ya kufika kwa wakubwa.

Niseme mapema kwamba sikumpenda. Wapo wanaomsifu mpaka leo, na sifa zao ni za kweli, ndiyo maana zinaniudhi.

Adabu, kwa mfano. Shikamoo yake haikuchagua mtu. Mgema akiteremka mnazini, Mtafiti anavua ile kofia yake ya ukindu na kumwamkia. Gari la kazi, Landrova kuukuu ya kijani, halikumpita mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Ukitoka naye Vitengeni asubuhi unafika Kilifi umekalia magunia ya makaa ya watu, na mbuzi anakutafuna pindo la gauni. Dereva alinung'unika, mimi nikanung'unika, yeye akatuambia kwamba barabara ni ya wote na gari ni la wananchi.

Wala hakula rushwa. Tajiri mmoja wa Malindi aliyetaka utafiti ulipitie shamba lake kwa upole alimletea mbuzi wawili na kreti za soda. Mtafiti alirudisha mbuzi, soda akawaita watoto wa shule wazinywe pale pale mbele ya tajiri, kisha akamshukuru kwa niaba yao. Siku ile nilicheka mpaka nikashika mbavu. Baadaye nilitamani sana angewala wale mbuzi, na pembe zao. Mla rushwa unajua mlango wake uko wapi. Watu wa Kwa Hinzano, kijiji cha wakwe zangu, wangechanga, wakamnunua, mambo yakaisha. Msiba wao ni kwamba waliletewa mtu mwaminifu.

Miaka ile pwani ilijaa watu, na ilijaa maneno juu ya watu. Wa bara walikuja kwa kazi za mkonge, za hoteli na za ofisi. Wa Ganze waliteremka kufuata mvua. Mashamba ya karibu na bahari, ambayo tangu hapo hayakuwa na hati, ghafla yakawa na bei, na penye bei hapakosi kamati. Ikaundwa kamati ya ardhi, iamue nani ni mwenyeji apewe hati ya shamba lake, na nani ni mhamiaji ahamishiwe kwingine. Kamati ikataka mtaalamu wa kuijulisha nani katoka wapi. Ndivyo tulivyompata.

Waliomtangulia walikuwa wakienda na kalamu na kuwauliza watu. Mtafiti aliwacheka.

"Mama Kadzo," alizoea kuniambia, "weka shamba mezani kisha uulize nani kazaliwa hapa. Hata mimi nitasema nimezaliwa hapa! Aliye hai ana tumbo, na tumbo ni rongo. Mimi nawauliza wafu."

Na kweli aliwauliza. Alizunguka kijiji kwa kijiji akitazama makaburi, kwa hoja kwamba mtu huzika mababu pale alipokita mizizi, wala hakuna atakayejisumbua kumtengenezea babu yake kaburi mahali anapopita tu. Akahesabu makaburi ya saruji yenye misalaba, mawe ya makaburi ya Waislamu, na kwa Wagiriama akahesabu vigango. Kigango ni ubao mrefu uliochongwa, wenye kichwa cha mviringo kama sahani, na hupandwa ardhini kwa ajili ya mzee wa heshima aliyekufa. Koma wake, yaani roho yake, hukaa pale. Watoto wakiugua au mvua ikikawia, jamaa humwendea na tembo la mnazi kidogo na unga, wakaongea naye. Kikishapandwa hakiondolewi. "Kilichosimama ardhini nakihesabu," alisema Mtafiti. "Kinachosimuliwa sikihesabu."

Ilikuwa hoja tamu, na mimi ilinipendelea. Baba yangu alitoka Ukambani kuja kukata mkonge. Kila siku ya maisha yake alilalamikia joto la huku, akala nazi kama anakunywa dawa, na akaapa atarudi kwao mwaka unaofuata. Alikufa bado anaapa. Kanisa likamzika Kilifi, kwa saruji, na msalaba wenye jina lake. Mtafiti alipoufikia msalaba ule alirudi ofisini anang'aa uso.

"Hongera, Mama Kadzo. Wewe ni mwenyeji kamili."

Kumbe kumbe! Baba angemsikia angefufuka, akapanda basi la kwenda kwao.

Kwa Hinzano, nilikoolewa, palikuwa kijiji cha Wagiriama kati ya Kilifi na Malindi, karibu na bahari kiasi kwamba chumvi ilitafuna bawaba za milango. Mama mkwe wangu aliishi huko, mjane, na mihogo yake na mikorosho yake, na mnazi mmoja mzee aliokataa ukatwe. Kijiji kilikuwa na jina la babu wa mumewe, na mumewe akarithi jina hilo hilo. Nilimwambia Mtafiti habari hiyo mapema kabisa, nikidhani itasaidia.

"Jina si kaburi," alinijibu.

Sasa niseme habari ya sebule yake, maana bila hiyo hutamwelewa. Alipanga nyumba Malindi, nyeupe, yenye baraza, na Jumamosi nyingine nilimpelekea kazi huko. Ilikuwa sebule ya mwanamume asiye na mke: kiti kimoja kizuri, redio, friji iliyonguruma, na kando ya friji, wima, kigango. Alikinunua katika duka la vinyago, mahali wanaponunua watalii. Alipoingia ndani alikitundikia kofia yake kichwani, na shingoni akakivika funguo za gari. Akitaka kutoka alikisogelea bila kutazama, kama watu wanavyofikia kitasa cha mlango. Mara ya kwanza kukiona nilirudi nyuma hadi mlangoni, na mimi si Mgiriama.

"Bwana, hiki si ni cha marehemu wa watu?"

"Ni sanaa," alisema. "Tazama nakshi hizi. Watu wetu hawajui thamani ya vitu vyao mpaka Mzungu avipende."

Vile vya marehemu vilikuwa vikiibwa, kila mtu alijua. Vijana walikuja na pikapu mchana kweupe watu wakiwa mashambani, wakang'oa, wakapeleka madukani. Kigango cha baba mkwe wangu kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kwenda, kabla sijaolewa pale. Mama mkwe alirudi kutoka kuvuna akakuta shimo, na pembeni kitambaa chekundu alichokuwa amemfunga mumewe kiunoni. Alikihifadhi kitambaa kile. Kila nilipokwenda alikitoa, akanionyesha upya kana kwamba sijawahi kukiona.

"Kufa, alikufa," alikuwa akisema. "Hiyo ni kazi ya Mulungu. Lakini kuibwa?"

Nikifika hapa mkono unaanza kuwa mzito. Mjumbe alipita Kwa Hinzano akitangaza kwamba keshokutwa litakuja gari na mabwana wa kutazama vigango. Hakueleza zaidi, kwa sababu naye hakuelezwa zaidi. Mimi nilikuwa ofisini Kilifi nikipiga chapa habari za kijiji kingine, na sikujua zamu imefika ya kwetu. Jumamosi nilipokwenda kumwona mama mkwe nilimkuta na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Alinivuta mkono mpaka jikoni.

"Walikuja watu wako, mwanangu. Na gari lao la kijani. Wakauliza, vigango viko wapi?"

"Mkawaambia nini, mama?"

"Tukawaambia hapa hapana vigango. Hatuna, wala hatujawahi kuwa navyo! Waliona patupu. Mimi ndiye niliyewaambia wazee, ng'oeni, jamani, ng'oeni. Mwaona mimi nilivyobaki na kitambaa? Wazee hawakutaka, walilia, wakasema kung'oa ni dhambi. Nikawaambia dhambi itaombewa, lakini aliyekwenda dukani harudi." Akafunua makuti yaliyorundikwa kando ya mafiga. Vilikuwa vimelala chini yake, vyote vya kijiji, vichwa vyao vya mviringo vimegusana. "Hata mashimo tulifukia, tukafagia na matawi. Yule bwana mrefu akaniamkia shikamoo, akazunguka, akazunguka, hakuona kitu. Mwizi mwenye adabu vile sijapata kumwona."

Akacheka. Nilikaa chini kwenye kibao cha mbuzi bila kutazama kama kina meno. Nilimweleza. Ilinibidi kurudia, kwa sababu mara ya kwanza aliendelea kutabasamu.

Jumatatu nilimngoja Mtafiti mlangoni. Nilimwambia kila kitu, wezi, mjumbe, makuti. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza, alikuwa msikilizaji mzuri mno.

"Pole sana," alisema. "Lakini mimi siandiki walichosema, Mama Kadzo. Ningekuwa nawaandika maneno yao, leo ningekubali wamebadili maneno. Naandika nilichokiona. Nilipita kijiji kizima na hapakuwa na kitu kilichosimama."

"Vipo jikoni kwa mama mkwe wangu. Njoo uvione."

"Kilichoko jikoni ni kuni."

"Na kilichoko sebuleni kwako?"

"Nimekwisha kukwambia," alijibu kwa upole ule ule. "Hicho ni sanaa."

Mwizi ningemwelewa. Mjinga ningemwelewa pia, ningemvumilia kama tunavyovumilia mvua ya mawe. Huyu alijua ninachosema ni kweli, nilimwona machoni, na hakuona kwamba ukweli huo unamhusu. Njia yake ya kutafuta ukweli ilikuwa safi, na hangeichafua kwa ajili ya ukweli wenyewe. Kwa Hinzano pakaingia katika hesabu yake kama kijiji cha wahamiaji wa karibuni, watu wasio na mzizi. Kijiji kilichokuwa na jina la babu.

Alipenda mjadala kuliko chakula. Utafiti ulipotoka, redio ya ofisini haikuzimwa. Mkubwa fulani alisimama mahali akazungumza juu ya wenyeji na wahamiaji, na ndani ya hotuba yake zikatoka zile sentensi za Mtafiti, neno kwa neno, nilizozipiga mimi. "Sikiza!" alisema, kidole juu. Chai yake ilipoa. Kesho yake gazeti, keshokutwa mchungaji kanisani, na baadaye si wakubwa tena. Neno lilishuka mpaka sokoni. Wachuuzi wa samaki wakigombania kivuli walitupiana, "Toka, mhamiaji we!" Kadzo wangu alirudi kutoka shule analia kwamba wameambiwa wakae dawati la nyuma, wahamiaji wote. Mtoto yule, kwa upande wangu mimi binti wa Mkamba, alikuwa mwenyeji kamili. Kwa upande wa baba yake, Mgiriama wa pwani, alikuwa mgeni. Nilimpelekea Mtafiti habari hiyo akaiona ya kupendeza sana. Alisema inaonyesha kwamba utafiti unaweza kubadilisha lugha ya taifa.

Wazee wa Kwa Hinzano hawakukaa kimya. Kamati ilipoitisha mkutano wa mwisho Kilifi, walikuja na vigango vyao mabegani, vimefungwa kanga na mikeka kama wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Watu waliwapisha njia. Wakavilaza chini mbele ya meza ya kamati, wakavifunua kimoja kimoja wakitaja majina, na hata wale waliokuja kucheka wakasogea kutazama. Mama mkwe wangu hakuwa na cha kulaza. Alisimama mwishoni mwa mstari na kitambaa chake chekundu. Nilidhani tumeshinda. Hata mwenyekiti alidhani hivyo, alivua miwani, akamgeukia Mtafiti amsikie.

Mtafiti alisimama, akavua kofia, akawaamkia wazee wote shikamoo. Akawaambia ameona uchungu wao na moyo wake ni mzito. Kisha akasema:

"Waheshimiwa, kigango kinasema jambo kikiwa kimesimama pale kilipopandwa. Kigango kilichong'olewa hakina kwao. Hivi vinaweza kuwa vimetoka Kwa Hinzano. Vinaweza kuwa vimetoka Vitengeni. Hata Malindi madukani vinauzwa, mimi mwenyewe ninacho. Mnisamehe, siwezi kukiita hiki ushahidi."

Mama mkwe aliomba kusema. Alikuwa mfupi, ilibidi waliokaa mbele wainamishe vichwa.

"Bwana, wewe ukitolewa nyumbani kwako, ukabebwa, ukalazwa mbele za watu, utakuwa huna kwenu tena?"

"Mama yangu, sibishani nawe," alisema Mtafiti. "Ningekuwa na shamba, ningekupa langu."

Wakampigia makofi! Hakuwa na shamba. Hakuwahi kumiliki hata chungu cha maua, na watu wazima wenye akili wakampigia makofi kwa ukarimu wake.

Walihamishiwa ng'ambo ya Vitengeni, kwenye ardhi nyekundu inayoota miiba. Malori yalikuja asubuhi. Mama mkwe hakukubali kupewa kiwanja huko pamoja na wenzake. Alisema mwenye kiwanja ni mwenyeji na yeye ameambiwa si mwenyeji wa popote, akaenda kukaa kwa kaka yake Vitengeni, kama msichana aliyerudishwa na mumewe. Wazee hawakuvipanda tena vile vigango. Waliogopa. Vilikaa ukutani kwenye ghala, mchwa wakavipata. Na Kwa Hinzano pakapigwa seng'enge, seng'enge ikawa ukuta, na ndani ya ukuta ikaja hoteli. Wanaofanya kazi mle wanasema pale palipokuwa na lile shimo la baba mkwe sasa kuna bwawa la kuogelea. Sijaenda kutazama.

Mtauliza kwa nini sikuacha kazi. Nilikuwa na watoto, na mshahara wa mume wangu ulikuwa wa kununulia chumvi tu. Lakini hilo si jibu lote. Nilitaka kuuona mwisho wake. Nilikaa pale nikimpigia chapa na kumngojea, kama paka anavyokaa mbele ya tundu.

Nilipokuwa nikingoja niliona mengine. Niliona siku ilipokuja simu ya maandishi kutoka kwao, kule kusikotajwa, kwamba mama yake amefariki na wanamsubiri azike. Tulikuwa tukitayarisha hotuba yake ya Mombasa kuhusu umuhimu wa makaburi kwa jamii, na siongezi chumvi. Aliisoma, akaiweka chini ya kikombe, akasema, "Tuendelee, Mama Kadzo, tulifika wapi?" Nikamwuliza kama hatakwenda. "Atazikwa na walioko," alisema. "Asiyekuwapo na lake halipo." Tukaendelea. Alitaja neno kaburi mara nyingi alasiri ile na sauti yake haikutikisika hata kidogo. Ningeweza kumwonea huruma. Nilijaribu, nikaona hainijii.

Alikuwa na msemo mwingine, kwamba binadamu ni miguu, mengine ni mapambo. Aliupenda, aliuweka katika kila hotuba. Mwishoni mwa muongo ule sukari ilimpanda, akapata kidonda kwenye kidole cha mguu, akakidharau, akaenda nacho Ganze na Kuruwitu na kote anakokwenda. Hospitalini wakamkata mguu juu ya goti. Nilipokwenda kumjulia hali, ule msemo ulinijia mdomoni wenyewe, nikaumeza pamoja na mate. Mpaka leo najuta kwamba niliumeza.

Ofisi ilifungwa, mimi nikapata kazi kwingine, naye akabaki katika nyumba yake ya Malindi. Kisha siku moja yule aliyekuwa dereva wetu alinifuata na salamu. Mtafiti anaomba nimtafutie mzee wa Kigiriama, yeyote, mwanamume au mwanamke, anayejua mambo ya koma. Hana raha. Watumishi wa nyumbani wanamkimbia, mmoja baada ya mwingine, wakidai kuna mzee sebuleni anayeomba maji. Yeye bila shaka haamini mambo hayo. Ila tangu alipokatwa mguu anakaa na kile kigango kutwa kucha, na ameanza kukisikia kikikohoa.

Nilijua nitamchukua nani. Nilikwenda mpaka Vitengeni kumfuata.

Mama mkwe alikuwa amezeeka, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule, lakini kwa safari hiyo alivaa kanga mpya. Tulimkuta Mtafiti kwenye kile kiti chake kizuri, mwembamba kuliko zamani, shati jeupe likimning'inia. Hakumkumbuka. Akamwamkia, "Shikamoo, mama," na mama mkwe akaitika vizuri, "Marahaba, baba, pole kwa kuugua," maana adabu yake haikuwa ya kujifunza. Kisha akageuka upande wa friji.

Alikwenda taratibu. Aliitoa kofia, akaiweka sakafuni. Akazitoa funguo za gari ambalo halikuwako tena. Akapitisha kidole kwenye ufa ulioanzia kichwani na kushuka mpaka begani, na ndani ya ufa mlikuwa na kitu cheusi, kigumu. Nami niliwahi kuisikia habari ya ufa ule. Mti ulimpasukia mchongaji, na kwa kuwa marehemu alikuwa kibarua wa barabara, jamaa wakacheka, wakauziba kwa lami.

"Hinzano," alisema.

Alimkumbatia. Shavu lake lilifika kwenye kiuno cha ule ubao, akakaa vile, na mabega yake yakatikisika. Kutoka ndani ya kanga akatoa kile kitambaa chekundu, akakifunga pale pale kilipokuwa. Mimi nililia, siwezi kusema uongo. Mtafiti alitutazama, na alikuwa mwepesi wa akili kama zamani, akaelewa bila kuelezwa.

"Ni mumeo," alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Ashukuriwe Mungu. Basi mchukue, mama. Mchukue leo leo, nitawalipia gari."

Mama mkwe alijifuta macho.

"Nimpeleke wapi?"

"Kwenu. Nyumbani."

"Nyumbani kuna bwawa la Wazungu. Mimi nakaa kwa kaka yangu. Mwanamume hapandwi kwa shemeji zake, baba, ni aibu. Na wewe ulituambia, nilikuwapo, nilisikia kwa masikio haya. Aliyeng'olewa hana kwao."

Hapo akamkumbuka. Niliuona uso wake ukienda mbali, ukarudi.

"Mama, nilikuwa nasema kwa upande wa utafiti..."

"Ulisema kweli. Hana kwao. Amehamia kwako." Akamgeukia mumewe, akasema naye Kigiriama, kwa sauti ya kawaida ya mke anayeagana na mume asubuhi. Mtafiti alinitazama mimi. Miaka yote ile akizunguka makaburi ya Wagiriama, hakujifunza lugha yao. Nikamfasiria, na sikupunguza neno:

"Anamwambia, huyu ndiye aliyesema hukuwahi kuwapo. Kaa naye mpaka akujue."

Tulitoka. Alituita, kwanza kwa jina langu, kisha "Mama! Mama yangu!" kisha tukasikia gongo likianguka sakafuni. Mtumishi hakuwako. Nilifurahi. Nilitembea katika barabara ile ya Malindi nimejaa furaha kutoka unyayo hadi utosi, na naiandika hapa ili asije mtu akaniita mtu mwema.

Kwenye kituo cha basi nilimnunulia mama mkwe soda na mahamri. Alishika chupa bila kunywa, akatazama upande tulikotoka.

"Atasahau kumpa maji," alisema. "Mwanamume yule mguu mmoja, maji atampaje? Mwanangu, nimemwacha mume wangu kwa mtu."

Nilimwambia tunaweza kurudi tukamchukua. Alifikiri mpaka basi la Vitengeni likaja na kondakta akaanza kuita abiria. Kisha akanipa soda nimshikie, akapanda.